Usigonge Namba ya Baba Kwenye Chasisi Nyingine

Ndugu Mshauri,

Mimi ni kitinda mimba wa watoto watano. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita, na katika mali alizoacha imo Land Rover 109, Series III ya mwaka 1974, aliyoinunua mnadani kutoka shirika moja la umma kabla mimi sijazaliwa. Gari hilo ndilo lililotupeleka shule, ndilo lililobeba mahindi, na ndilo lililomkimbiza mama hospitali usiku niliozaliwa. Lilizimika zaidi ya miaka 20 iliyopita na tangu hapo limekaa nyuma ya nyumba.

Baada ya tamasha la Land Rover la hapa Arusha mwaka 2024 nilinuia kulifufua. Bodi ni nzima, injini inazunguka, lakini chasisi imeliwa na kutu. Fundi wetu, mzee aliyekuwa akilitengeneza enzi za baba, amenipatia chasisi nyingine ngumu. Namba yake ilishasagwa na grenda. Anasema atagonga palepale namba ya chasisi ya baba, atapaka rangi, na hakuna atakayejua. Nilipomuuliza kama si kosa alinijibu: "Gari la baba yako, namba ya baba yako, kadi ya baba yako. Umemwibia nani?" Nimeshamlipa nusu ya bei.

Kaka yangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Ananiharakisha kwa sababu amepata Mmarekani anayetaka kulinunua na kulisafirisha kwao. Mama hataki kusikia habari ya kuuza, na hataki polisi waje nyumbani kuulizia gari la marehemu. Kadi bado ina jina la baba na namba za usajili za zamani. Silali vizuri. Nikikubali nitakuwa mhalifu? Nikikataa, gari la baba ndiyo basi tena?

Kitinda Mimba, Usa River

* * *

Mdogo wangu,

Usikubali. Nakuambia mapema ili usisome majibu haya roho ikiwa juu: chasisi ile usiifunge, namba ya baba yako isigongwe popote, na gari lenu bado linaweza kurudi barabarani.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa maneno machache, ingawa kwangu ndilo zito kuliko yote. Umesema namba ya chasisi hiyo "ilishasagwa". Nani aliisaga, na kwa nini? Mtu mwenye chasisi halali ya kuuza hana sababu ya kujiongezea kazi ya kufuta namba yake. Namba hiyo ndiyo inayomthibitisha kuwa mwenye mali, ndiyo inayompa bei. Namba husagwa pale mtu anapoogopa isisomwe. Huenda gari liliibwa Moshi au ng'ambo ya mpaka, likakatwa vipande. Huenda lilikuwa gari la mirathi kama lenu, mtoto mmoja akaliuza kimyakimya. Mzee wako huenda hajui, na wewe hujui. Lakini tangu siku chuma hicho kitakapofungwa chini ya bodi ya baba yako, swali litakuwa lako wewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina kosa la kupokea mali ya wizi. Ina pia kosa la kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi ukashindwa kueleza ulivyoipata, na hilo la pili ndilo linalonitisha kwa ajili yako. Utaeleza nini mbele ya mpelelezi? Kwamba fundi alikuletea, ukakuta imefutwa, ukagonga nyingine juu yake?

Hoja ya mzee siipuuzi. Kila anayependa magari ya zamani imewahi kumpitia kichwani: gari la kwetu, namba ya kwetu, nani kaibiwa? Tatizo ni kwamba namba ya chasisi haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Mwenye gari analijua gari lake hata gizani. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasiolijua: ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) anayeandika kadi, trafiki wa zamu, kampuni ya bima, mnunuzi atakayekuja miaka 15 kutoka sasa, na yule aliyeibiwa ambaye bado anatafuta. Hao wote hawatakuwapo gereji siku namba itakapogongwa. Wanachoweza ni kusoma namba na kuamini kwamba chuma wanachokitazama ndicho kilichogongwa namba hiyo kiwandani. Ukigonga namba ya 1974 kwenye chuma usichokijua asili yake, umewadanganya wote kwa mara moja, na uongo huo utaendelea kusemwa kwa kila atakayelinunua gari hilo, hata wewe ukiwa umeshakufa. Na kama chasisi ile iliibwa, mwenyewe umemfungia njia ya mwisho ya kuipata. Huyo ndiye aliyeibiwa, mwambie mzee.

Namba hizi watu wengi huzizungumzia bila kuzijua. Zamani kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaweka utaratibu wa herufi na tarakimu 17, na Marekani ikaufanya wa lazima kwa magari ya modeli ya 1981 na kuendelea. Katika utaratibu huo herufi I, O na Q hazitumiki, zisije zikachanganywa na 1 na 0, na herufi za mwanzo hutaja mtengenezaji. Land Rover za baadaye huanza na SAL, zile SA zikiwa alama ya Uingereza. La baba yako ni la 1974. Namba yake ni fupi, ya kizamani, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ofisa kijana asiyewahi kukutana na namba fupi anaweza kushtuka. Usishtuke naye, mwonyeshe kadi. Hata Toyota na Nissan zinazotoka soko la ndani la Japani, hizi zinazojaa barabarani kwetu, hazina tarakimu 17: zina alama ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Namba kuwa fupi si kosa. Namba iliyochezewa ndiyo inayoleta maswali.

Kwenye Series III namba imegongwa kwenye chasisi yenyewe, pembe ya mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inaposhikiliwa, na inarudiwa kwenye kibati cha kiwandani. Pembe hiyo hupigwa matope na maji kwa miaka, kwa hiyo mara nyingi imefunikwa na kutu na tabaka za rangi. Isafishe kwa mkono, kwa brashi na mafuta ya taa, mpaka isomeke. Grenda isikaribie hapo, wala msasa mkali, wala brashi ya waya ya mashine.

Mzee anasema hakuna atakayejua. Hapo anakosea kwa mujibu wa chuma chenyewe. Tarakimu inapogongwa, chuma kilicho chini yake hukandamizwa kwenda chini zaidi ya alama inayoonekana kwa macho. Ukisaga mpaka uso uwe laini, ule mkandamizo hubaki. Mtaalamu akisafisha mahali hapo na kupaka tindikali ifaayo, sehemu iliyokandamizwa huliwa tofauti na chuma cha jirani, na namba ya zamani hujitokeza, ikasomwa na kupigwa picha. Mbinu hiyo ni ya miaka mingi, hutumika kwa bunduki na kwa magari vilevile. Hata kabla ya tindikali, jicho lililozoea huona umbo la tarakimu, kina chake na nafasi kati yake, na huona mikwaruzo ya grenda chini ya rangi mpya. Seti za namba zinazouzwa dukani hazifanani na alama za kiwanda cha Land Rover cha Solihull. Siku ya ukaguzi, basi, chasisi hiyo inaweza kutoa namba mbili: ya baba yako juu, ya mtu mwingine chini.

Ujue pia kwamba jambo hili humgeukia hata asiye na hila. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Kansas, Marekani, alinunua Chevrolet Corvette ya 1959 kwa muuzaji wa magari wa jimbo la Indiana, kwa dola 50,000. Alipolipeleka kukaguliwa ili alisajili, askari wa barabara kuu wa jimbo wakagundua kwamba kibati cha namba kiliwahi kutolewa na kurudishwa kwa ribiti zisizo za kiwandani. Kibati kilikuwa kimetolewa wakati gari likitengenezwa upya, kabla yeye hajalinunua. Hakuna aliyemtuhumu mnunuzi kwa lolote. Hata hivyo sheria ya Kansas ya wakati huo ilitaka gari la namna hiyo likamatwe na kuharibiwa. Shauri likaenda miaka, mpaka bunge la jimbo likarekebisha sheria mwaka 2022 na gari likarudi kwa mwenyewe. Sheria ya shirikisho ya Marekani inampa anayeondoa au kubadili namba kwa makusudi hadi miaka 5 jela, lakini inamwachia nafasi yule ambaye matengenezo halali yanamlazimu kukigusa kibati. Sheria ya Kansas haikuwa na nafasi hiyo. Kwa ajili ya ribiti tu, mtu alikaa miaka bila gari alilolilipia. Kwa hiyo hata mpiga rangi wako mwambie mapema: kibati cha baba kifunikwe kwa karatasi na gundi, kisitolewe.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Unaogopa kwamba bila chasisi yenye namba yake, gari hilo halitakuwa la baba tena. Mahakama Kuu ya Uingereza iliulizwa swali linalokaribia hilo mwaka 1990. Bentley Speed Six iliyoitwa Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena 1930. Baadaye ikabadilishwa mara kadhaa, chasisi, injini na bodi, hata kikabaki kidogo sana cha gari lililoshinda. Mwenye gari alipoliuza kwa makubaliano ya pauni milioni 10, mnunuzi akakataa kulipa, akidai gari la Le Mans lilikwisha zamani na hili ni jingine. Jaji Otton alipitia historia yake yote akaona kwamba hakuna siku ambayo gari lile lilikoma na jingine likaundwa mahali pake. Mabadiliko yalifuatana, yakijulikana, katika historia moja isiyokatika. Akaamua kwamba linastahili jina lake, na mnunuzi akabanwa na mkataba wake.

Naithamini hukumu hiyo kwa sababu haikusimama kwenye kiasi cha chuma cha mwanzo kilichobaki. Ilitazama kama safari ya gari inaweza kufuatiliwa. La baba yako linaweza kupata difu nyingine, gia boksi nyingine, hata chasisi nyingine, na likaendelea kuwa la baba yako, mradi kila badiliko limeandikwa kama lilivyotokea. Kitakachokata historia yake ni ile jioni moja ya kugonga namba. Baada ya hapo hutaweza kulisimulia gari hilo mbele ya wanao bila kuruka sehemu.

Tuje kwenye kazi. Land Rover za zamani zina bodi ya alumini na chasisi ya chuma, ndiyo maana bodi yenu ni nzima na chini kumeoza. Ni hali ya kawaida ya magari haya kila mahali yalipo, na kwa sababu hiyo vipande vya chasisi hutengenezwa na kuuzwa mpaka leo: boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, vishikio vya springi, hata zile pembe za mbele. Chasisi ya Series ni mabamba ya chuma yaliyochomelewa kuwa boriti zenye uwazi ndani. Mchomeleaji mzuri hukata palipooza na kuunga bamba la unene uleule. Vueni bodi, muigonge chasisi yote kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na mtie alama ya chaki kila panapobonyea. Piga picha za kila hatua, na picha ya namba iwe ya kwanza. Ukikuta pembe ya mbele ya kulia bado ina nguvu, umepona: kila kilichooza kitakatwa na kujengwa upya kuanzia hapo, na namba itabaki kwenye chuma ilichogongwa. Njia hii ni ya polepole na pengine ghali kuliko chasisi ya mzee. Ndiyo ninayokushauri.

Kama pembe hiyo nayo imeoza, simamisheni kazi. Kabla grenda haijawashwa, omba mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani aje aisome namba ikiwa mahali pake, ailinganishe na kadi na kibati, na akuandikie ripoti. Nenda na ripoti hiyo TRA, pamoja na barua inayoeleza kinachotakiwa kubadilishwa na sababu zake. Usajili wa magari Tanzania Bara uko kwao, na badiliko la injini au la rangi hupelekwa kwao liandikwe; badiliko la chasisi ni zito kuliko hayo. Wao ndio wenye mamlaka ya kusema gari litambulike kwa namba ipi. Wewe huna, na mzee hana. Ukipata chasisi mpya, iwe na risiti ya mtengenezaji. Ukipata iliyotumika, namba yake isomeke, kadi ya gari ilikotoka iwepo, mkataba wa mauziano uandikwe wenye jina la muuzaji, na ikaguliwe kabla hujatoa hela. Kipande cha zamani chenye namba kisiende skrepa. Kihifadhi na nyaraka mpaka ofisi ikuelekeze.

Usidhani kubadilisha chasisi ni jambo la aibu linalohitaji kufichwa. Kwa miaka mingi DVLA, ofisi ya usajili ya Uingereza ambako gari hili lilizaliwa, ilikuwa ikihesabu pointi kwa gari lililojengwa upya: chasisi ya asili pointi 5, injini pointi 1, na usukani, springi, eksli na gia boksi pointi 2 kila kimoja. Lililofikisha 8 lilibaki na namba yake ya usajili, na chasisi mpya ya vipimo vilevile yenye risiti ilihesabiwa. Lisilofikisha lilipewa namba inayoanza na Q, ili kila mtu ajue kwamba asili yake haijulikani vizuri. Waliotaka kutengeneza walitengeneza, na waliokuwa wanunuzi walijua wananunua nini.

Kuhusu Mmarekani wa kaka yako. Kwao gari lililotimiza miaka 25 huruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango vyao vya usalama, na umri wake huthibitishwa kwa namba ya chasisi na nyaraka. Julai 2014 maofisa wa serikali ya shirikisho walikamata Land Rover Defender zipatazo 40 mikononi mwa wenyewe, sehemu mbalimbali za nchi, kwa madai kwamba namba zilichezewa ili magari yaonekane ya zamani kuliko yalivyo. Waliopokonywa walikuwa watu wa kawaida waliolipa fedha zao. Gari lenu limepita miaka 25 mara mbili, halihitaji hila yoyote ili liingie Marekani. Likipelekwa na namba iliyogongwa gereji, linakwenda kwa watu ambao wamekwisha kujifunza kutazama mahali hapohapo, na jina lenu litakuwa kwenye karatasi za mauzo.

Lakini Mmarekani anaweza kusubiri. Hapa nasimama na mama yako. Gari hilo si la kaka yako kuliuza, na kwa sasa si lako pia. Ni mali ya marehemu, na mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi hakuna mtoto mwenye uwezo wa kusaini chochote juu yake. Umesema miaka mitatu imepita na kadi bado ina jina la baba, kwa hiyo nadhani hamjafungua mirathi. Fungueni. Kaeni kikao cha familia, watoto wote watano na mama, muandike muhtasari wenye majina na saini, mchague mtu mnayemwamini, mwende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi baba. Wakiona shauri si la kwao watawaelekeza. Msimamizi akishateuliwa ndipo atakwenda TRA na kadi ya zamani. Hizo namba za zamani zisikutie hofu: mfumo wa namba zinazoanza na T ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na gari lenu lilizimika bila kuingizwa humo. Kinachotakiwa ni karatasi zinazoonyesha lilitoka wapi.

Kwa hiyo fungua sanduku la baba. Tafuta risiti ya mnada, barua ya shirika lililouza, leseni za barabara za miaka hiyo, bima, hata risiti za gereji. Mzazi aliyenunua gari la umma kihalali kwa kawaida hakutupa karatasi. Halafu British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutunza kumbukumbu za kiwanda, na kwa kutumia namba ya chasisi hutoa cheti kinachoeleza gari lilipotengenezwa na lilikopelekwa. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa mmiliki. Kinachofanya ni kuthibitisha kwamba namba mnayoisoma kwenye pembe ile ni ya gari la namna ile, jambo litakalomsaidia mkaguzi na litakalowapa bei nzuri kama siku moja mtaamua wote kwa pamoja kuuza.

Najua kinachokuumiza zaidi ni kumkatalia mzee. Alimjua baba yako, na bila yeye pengine gari lingeshauzwa kilo kwa kilo. Usimwendee kwa ukali wala kwa vitisho vya polisi. Mwambie: "Shikamoo mzee. Kazi yako naijua, na baba aliiheshimu. Chasisi hii siwezi kuifunga, kwa sababu namba yake imesagwa na sitakuwa na la kusema nikiulizwa. Naomba tuitengeneze ile ya baba. Fedha niliyokupa iwe ya kuchomelea." Mzee mwenye busara atalipokea hilo. Akikasirika na kukataa kurudisha, iache fedha hiyo. Ni hasara unayoweza kuifidia kwa kazi ya miezi, wakati kesi ya mali ya wizi huifidii. Chasisi yenyewe usiipeleke nyumbani na usimtafutie mnunuzi mwingine. Na kama utapata fununu kwamba iliibwa, au shaka yako ni kubwa, tafuta wakili uende naye polisi ukaeleze ulivyofikia hapo. Ukifika mwenyewe mapema una nafasi nzuri kuliko ukifuatwa.

Usimfiche mama yako lolote kati ya haya. Anaogopa polisi kwa sababu anahisi kuna jambo linafichwa, na anahisi sawasawa. Kaka yako naye mpigie simu kabla hajapokea hata senti moja ya amana kutoka kwa Mmarekani huyo.

La kufanya leo, kabla ya kikao na kabla ya mahakama, ni moja. Kama kadi ya baba iko kwa fundi, au kibati kiko kwake, au chasisi ya zamani imelala gereji kwake, tafuta gari la kukodi ukavichukue vyote vilivyoko kwake uvirudishe nyumbani.